Risasi Nyepesi kwenye Bastola ya Kujilinda

Kijitabu hiki ni cha wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani na kumiliki bastola kihalali. Uhalali kwanza: sheria ya shirikisho inawakataza wengi walioingia kwa viza ya muda kumiliki silaha, na hata risasi zenyewe. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa.

Kwenye pakiti ya risasi za milimita 9 utaona namba: 115, 124 au 147. Huo ni uzito wa kichwa cha risasi kwa greni. Greni 115 ni kama gramu 7.5, na 147 ni gramu 9.5. Zipo nyepesi zaidi, hata chini ya 100. Kichwa chepesi hutoka kwa kasi, teke la bastola hupungua, na pakiti hujisifia kasi hiyo kwa maandishi makubwa.

Kasi peke yake haitoshi. Tarehe 11 Aprili 1986, katika eneo la Miami, maafisa wawili wa FBI waliuawa katika mapambano na majambazi. Jambazi mmoja alipigwa risasi ya milimita 9 ya greni 115. Ilipita mkononi, ikaingia kifuani, ikaishia karibu na moyo bila kuufikia, naye akaendelea kufyatua. Baada ya hapo FBI iliweka kipimo chake: kichwa kizame kwenye jelatini ya majaribio sentimita 30 hadi 46, hata kikipita nguo nzito kwanza. Kichwa chepesi kinachotanuka mapema mara nyingi huishia njiani. Vipo vinavyofaulu, kwa hiyo uliza matokeo ya jaribio lililopitia nguo, tena kwa mtutu mfupi kama wako. Kasi iliyopimwa kwa mtutu mrefu hutaipata kwenye bastola ya mfukoni.

Kisha nenda kwenye kiwanja cha shabaha na risasi zile zile utakazobeba. Angalia kama zinakwama, na zinapiga wapi: kwa umbali mfupi kichwa chepesi kwa kawaida hupiga chini kidogo ya kizito. Soma pia mtutu wenyewe. Baadhi ya rivolva nyepesi za Smith & Wesson za .357 Magnum zimechorwa onyo la kutotumia kichwa cha chini ya greni 120. Wengi hulitazama kila siku wasilisome.

Risasi zenye tundu kichwani ndizo zinazopendekezwa zaidi kwa kujilinda, lakini New Jersey ina masharti makali kuhusu kuzibeba nje ya nyumba. Ukisafiri, ulizia sheria ya jimbo unaloingia.

Jambo la mwisho hupuuzwa sana. Risasi inayotolewa na kurudishwa chemba kila jioni, kichwa chake huweza kusukumwa ndani ya ganda, na shinikizo likapanda kufikia kiwango cha hatari itakapofyatuliwa. Isimamishe mezani kando ya mpya ya pakiti ile ile. Ikiwa fupi, usiirudishe kwenye bastola.