Kupasuliwa na Roboti au kwa Roboti? Usalama wa Upasuaji wa Mfuko wa Nyongo na Lugha ya Ridhaa

Utangulizi

Minjila ni njia panda iliyo karibu na Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Hapo ndipo barabara itokayo Malindi hugawanyika, moja ikishika njia ya Witu na Lamu, nyingine ikipanda kuelekea Hola. Mkaazi wa hapo anayehitaji upasuaji mkubwa aghalabu hushuka hadi Malindi, mwendo wa takriban kilomita 100, au huendelea hadi Mombasa. Roboti ya upasuaji haipo Minjila, na makala haya hayadai kwamba itafika kesho. Lakini wagonjwa husafiri. Kwa miaka mingi Wakenya wamekwenda India kutibiwa, na wapo jamaa wa watu wa pwani wanaoishi Ghuba na Ulaya, ambako mtu mwenye vijiwe vya nyongo aweza kuambiwa kwamba atapasuliwa kwa mikono ya mashine. Simu hupigwa nyumbani, na swali huja kwa Kiswahili: je, ni salama?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Mwandishi anaonelea kwamba sehemu ya usalama wa mgonjwa imo katika maneno anayoambiwa kabla hajatia sahihi.

Nyongo na mfuko wake

Tuanze na jina la kiungo chenyewe. Kiswahili kina neno moja, nyongo, kwa majimaji machungu ya rangi ya kijani na manjano na, katika mazungumzo ya kila siku, kwa kile kifuko yanamohifadhiwa. Mgonjwa wa malaria husema ametapika nyongo. Mchinjaji huonya kwamba nyongo isipasuke ikaharibu nyama. Basi daktari anaposema "tutatoa nyongo yako," msikilizaji ana haki ya kushtuka na kujiuliza atawezaje kuyeyusha mafuta bila nyongo. Ukweli ni kwamba nyongo hutengenezwa na ini. Mfuko huihifadhi tu, na ukiondolewa, nyongo huendelea kuteremka kwenye utumbo kwa kupitia mrija mkuu.

Wapo wanaosema "kibofu cha nyongo". Istilahi hiyo si kosa, ila katika sikio la wengi kibofu ni cha mkojo, na mtu aliyelala kitandani akiwa na maumivu hasikilizi neno la pili kwa makini. Kwa hiyo makala haya yanatumia "mfuko wa nyongo". Kamusi ya Tiba, iliyotolewa na TUKI mwaka 2003, ilikuwa hatua kubwa katika kusanifisha msamiati wa namna hii. Hata hivyo kamusi haiwezi kuwepo wodini. Anayekuwepo ni muuguzi.

Kutoka kisu hadi roboti

Mfuko wa nyongo uliondolewa kwa mara ya kwanza na Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882, kwa kulifungua tumbo. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya Erich Mühe, naye pia Mjerumani, kuutoa kwa njia ya matundu madogo na kamera mwaka 1985. Njia hiyo ilienea upesi kwa sababu mgonjwa huumia kidogo na hurudi nyumbani mapema. Lakini katika miaka ya mwanzo ya kuenea kwake, majeraha ya mrija mkuu wa nyongo yaliongezeka. Msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa kuwa tutalirudia.

Roboti iliingia mwaka 1997, Jacques Himpens na Guy-Bernard Cadière walipoitumia nchini Ubelgiji kutoa mfuko wa nyongo. Kisha tarehe 7 Septemba 2001, Jacques Marescaux na wenzake, wakiwa New York, waliutoa mfuko wa nyongo wa mwanamke wa miaka 68 aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa, zaidi ya kilomita 6,000 ng'ambo ya bahari. Habari hiyo iliposimuliwa ilionekana kana kwamba umbali umekufa. Mara chache ilisemwa kwamba kando ya kitanda kule Strasbourg walikuwapo madaktari wengine tayari kushika kisu, na kwamba mawasiliano yalipita katika njia maalumu ya kasi iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Tarakimu zinasema nini

Hatari inayoogopwa zaidi katika upasuaji huu ni kukata mrija mkuu kwa kudhani ni ule mrija mdogo utokao kwenye mfuko. Ni kosa la kutambua, zaidi ya kuwa kosa la mkono. Mafuta na uvimbe huifunika mirija, na jicho huona kinachotarajiwa. Ndiyo maana tangu mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake wamesisitiza kanuni moja: daktari asikate chochote mpaka asafishe eneo lile, atenganishe sehemu ya chini ya mfuko na ini, na aone vitu viwili tu, wala si vitatu, vikiingia katika mfuko.

Je, roboti husaidia? Kwa jicho, naam. Picha ni kubwa na yenye kina, na vifaa hupinda kama kifundo cha mkono. Kwa upande mwingine, katika mashine nyingi zilizotumika hadi sasa, daktari hahisi kwa vidole ugumu au ulaini wa anachokivuta. Hana budi kuukisia kwa macho.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya milioni 1 wa bima ya wazee ya Marekani, waliotolewa mfuko wa nyongo kati ya 2010 na 2019. Matumizi ya roboti yalipanda kutoka mgonjwa 1 katika kila 1,000 hadi 52. Jeraha la mrija lililohitaji kutengenezwa kwa upasuaji mwingine liliwapata wagonjwa 7 hivi katika kila 1,000 waliofanyiwa kwa roboti, na 2 hivi katika kila 1,000 waliofanyiwa kwa kamera bila roboti.

Tuzisome tarakimu hizi kwa uangalifu. Anayesema "hatari ni mara tatu" hakudanganya. Anayesema "wagonjwa 993 katika 1,000 hawakupata jeraha hilo" naye hakudanganya. Wote wawili wamechagua. Tena uchunguzi ulihusu wazee wa nchi moja, na haukuwa jaribio ambamo wagonjwa hugawanywa kwa kura. Inawezekana pia kwamba kinachoonekana ni ugeni wa mikono, kama ilivyokuwa njia ya kamera ilipoanza. Hata hivyo mgonjwa wa leo hapasuliwi na daktari wa miaka kumi ijayo. Kwa maoni ya mwandishi, mahali ambapo njia ya kamera inafanywa vizuri, anayependekeza roboti kwa kazi hii ndiye mwenye wajibu wa kueleza faida yake. Swali la kwanza la mgonjwa na liwe: wewe daktari umefanya mara ngapi?

Kiunganishi "na" na kihusishi "kwa"

Hapa tunafika penye taaluma yetu. Katika Kiswahili, "alikatwa na kisu" na "alikatwa kwa kisu" si sentensi moja. Katika ya kwanza kisu kimefanywa mtenda: kimeponyoka, kimemkata mtu pasipo mkono wa mwingine. Katika ya pili kisu ni ala, na yupo mtu aliyekishika hata kama hakutajwa. Basi "atapasuliwa na roboti" humwambia msikilizaji kwamba daktari ameondoka. "Atapasuliwa na daktari kwa roboti" humrudisha daktari mahali pake.

Mashine hizi zinavyotumika katika kutoa mfuko wa nyongo haziamui chochote. Daktari huketi mita chache kutoka kitandani, macho yakiwa kwenye skrini, na mikono ya mashine hufuata mikono yake. Kwa hiyo "kwa" ndiyo sahihi kwa sarufi na kwa uwajibikaji: mrija ukikatwa, aliyeukata anajulikana. Suala la ngeli nalo linahusika. Magazeti huandika "roboti huyo" na "roboti hiyo" bila mpango. Neno lenyewe, lililoanza katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, lilikuwa la viumbe mfano wa watu, na huenda ndiyo sababu ya kulitia katika A-WA. Kwa chombo cha hospitali, I-ZI inatosha.

Ridhaa na barabara ya kurudi

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, tena kwa lugha anayoielewa. Katika eneo la Minjila lugha hiyo yaweza kuwa Kiswahili, Kipokomo au Kiorma. Fomu ya Kiingereza iliyotiwa alama ya kidole gumba haionyeshi kuwa sharti hilo limetimizwa.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana. Nyongo inaweza kuvuja siku kadhaa baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Anayeishi Mombasa mjini hurudi hospitali kwa matatu. Aliyerudi Minjila ana safari ndefu, na katika msimu wa mafuriko ya Tana barabara zenyewe huweza kukatika. Waswahili husema mambo yametumbukia nyongo; hapa msemo huo huwa maelezo ya kitabibu.

Hivyo mwandishi anapendekeza maneno haya yasomwe kwa sauti kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda: "Mama, mfuko wa nyongo umetolewa, lakini nyongo bado inatoka kwenye ini. Ukiona macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo linajaa na kuuma zaidi, au homa imepanda, usingoje asubuhi wala usinunue dawa dukani. Rudi hospitali, useme ulitolewa mfuko wa nyongo, na utaje siku." Maneno "chai ya rangi" yamechaguliwa kwa makusudi, "mkojo mzito", kama wengine wasemavyo, halimwelezi mtu rangi ya kuangalia.