Kipimo cha Vinasaba Hakimchagui Mchezaji

Vinasaba vina mchango mkubwa katika uwezo wa mchezaji wa soka, lakini hakuna kipimo cha vinasaba kinachoweza kumtambua mchezaji kabla hajacheza. Hilo ndilo jibu kwa mzazi aliyeuliza kama inafaa kulipia kipimo cha mate kinachonadiwa kuwa kitaonesha iwapo mwanawe wa miaka 9 atakuwa mwanasoka.

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini, na karibu zote huja kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Jeni ni zilezile kwa watu wote. Kinachotofautiana ni herufi chache ndani yake. Tofauti hizo zina uzito. Utafiti wa mapacha wa kike nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007, ulikadiria kuwa asilimia 66 ya tofauti kati ya waliofika ngazi ya mashindano na wasiofika ilitokana na kurithi. Takwimu ya namna hiyo, hata hivyo, inaeleza kundi zima la watu. Haisemi chochote kuhusu mtoto mmoja, na hapo ndipo wauzaji wa vipimo huwachanganya wazazi.

Jeni iliyochunguzwa zaidi michezoni ni ACTN3. Hutengeneza alfa-aktinini-3, protini inayopatikana kwenye nyuzi za misuli zinazokaza haraka. Nyuzi hizo ndizo humwezesha winga kumwacha beki kwa mbio za mita 20, au beki wa kati kuruka na kupiga kichwa: hukaza kwa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha huchoka upesi. Kila uzi umeundwa kwa vipingili vilivyopangwa mstari, na alfa-aktinini-3 ni sehemu ya kiungio kinachovishika visiachane msuli unapovuta. Wapo watu waliorithi kwa wazazi wote wawili nakala yenye herufi moja iliyobadilika, badiliko linalokatisha utengenezaji wa protini hiyo. Hawana alfa-aktinini-3 hata kidogo, na wala si wagonjwa, kwa kuwa protini ya jamii hiyohiyo, alfa-aktinini-2, hushika nafasi yake.

Mwaka 2003 watafiti wa Australia walionesha kuwa watu wa aina hiyo walikuwa wachache mno miongoni mwa wanamichezo bora wa kasi na nguvu. Mwaka 2008 ikafika zamu ya soka. Kati ya wachezaji 60 wa kulipwa waliopimwa Hispania, karibu nusu walikuwa na nakala mbili kamili za ACTN3, kiwango kikubwa kuliko cha watu wa kawaida. Lakini matokeo hayohayo yana upande wa pili usiotajwa sana: wachezaji 9 kati ya hao 60 hawakuwa na alfa-aktinini-3 kabisa, na bado walikuwa wakilipwa kucheza. Kipimo kingewaondoa utotoni.

Kwa familia za Afrika Mashariki, kipimo hicho kina faida ndogo zaidi. Duniani, karibu mtu mmoja kati ya sita hana protini hiyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulikuta kuwa nchini Kenya wasio nayo ni takriban asilimia 1 tu. Kwa maneno mengine, karibu kila mtoto anayecheza chandimu mtaani anayo. Majibu ya kipimo yatakayosema mtoto ana "jeni ya kasi" yatakuwa yamemweleza mzazi kile ambacho karibu watoto wote wa mtaa huo wanacho.

Soka nayo si mbio za mita 100. Mchezaji asiye kipa hukimbia na kutembea kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, akichomoa mbio fupi mara kwa mara, huku akisoma mchezo na kuamua pasi kwa sekunde moja. Urefu, pumzi, uimara wa kano na uponaji wa majeraha vyote huguswa na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo. Mazoezi, chakula, usingizi na kocha anayejua kazi yake hukamilisha yaliyobaki. Mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba na tiba ya michezo walitoa tamko la pamoja kuwa vipimo vinavyouzwa moja kwa moja kwa wateja havifai kutumika kutafuta vipaji. Tamko hilo lilistahili kubandikwa kwenye kila kituo cha soka la vijana.

Mahali ambapo vinasaba vinastahili kuangaliwa kwa makini ni usalama wa mchezaji. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionesha unene usio wa kawaida wa misuli ya moyo. Ugonjwa huo humpata takriban mtu mmoja kati ya 500, mara nyingi hurithiwa, na mzazi mwenye jeni yake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumpa kila mtoto.

Jambo jingine ni kubeba jeni moja ya selimundu, hali ya kawaida kwa wakazi wa pwani na Kanda ya Ziwa kwa sababu hukinga dhidi ya malaria kali. Wengi walio nayo hucheza bila shida. Utafiti wa karibu wanajeshi 48,000 weusi wa Marekani, wa mwaka 2016, haukuona ongezeko la vifo kwa waliobeba jeni hiyo pale tahadhari zilipozingatiwa, ingawa hatari ya misuli kuharibika kwa mazoezi makali iliongezeka. Wanahitaji maji ya kutosha, mapumziko na mazoezi yanayoongezwa taratibu, hasa wakati wa joto.

Mtoto aliyewahi kuzimia akikimbia, anayelalamika maumivu ya kifua mazoezini, au mwenye ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, apelekwe hospitali kupimwa moyo kabla ya kurudi uwanjani. Fedha ya kipimo cha mate itumike huko.