Upande wa Mbele wa Nyumba: Uwanja, Baraza na Mlango

Mgeni akifika mjini kwa mtu, kabla hajapiga hodi na kabla hajaonana na mwenyewe, amekwisha kuona mambo mengi. Ameona kama maji ya mvua yamepewa njia au yamejitafutia. Ameona kama pana mahali pa kuketi mzee asiyeweza kusimama sana. Ameona kama ukuta umerukiwa na matope hata kufika madirishani. Watu wengi wakijenga huzitumia fedha zao zote katika vyumba, na siku mabati yanapokwisha kupigiliwa husema kazi imekwisha, na upande wa mbele huachwa ujitengeneze wenyewe. Katika nchi ya Machakos, ambako udongo ni mwepesi kuchukuliwa na maji, na mvua huja kwa nguvu mara mbili kwa mwaka, uvivu huo una hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Zamani nyumba ya Mkamba haikuwa na baraza. Ilikuwa ya duara, ya fito zilizopindwa, na nyasi zake ziliteremka karibu na kugusa chini, hata aliyeingia hakuwa na budi kuinama. Wala haikuhitaji baraza, kwa kuwa mbele ya mji palikuwa na thome, yaani mahali pa wazi penye moto, ambapo wanaume waliketi jioni, wageni walipokelewa, mashauri yalikatwa na vijana walifundishwa desturi. Pwani nako, katika miji ya Lamu, Mombasa na Unguja, watu walilifanya jambo lilo hilo kwa mawe na chokaa: walijenga viti vilivyoshikamana na ukuta, upande huu na upande huu wa mlango, wakaviita baraza. Wakamba waliopeleka pembe za ndovu pwani katika karne ya 19 waliviona kwa macho yao.

Namna ya tatu ilitoka mbali zaidi. Waingereza waliiga nyumba za Bengal, huko Bara Hindi, zenye paa pana na ukumbi wa kivuli mbele yake, wakazichukua mpaka kila nchi waliyoitawala. Machakos, mji uitwao kwa jina la Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba, uliziona mapema. Maana kampuni ya Waingereza iliweka kituo chake hapo mwaka 1889, na makao ya utawala wa jimbo la Ukamba yalikuwa hapo hata mwaka 1899, reli ilipofika Nairobi nayo yakahamishiwa huko. Wahindi wenye maduka walifuata namna hiyo, na chini ya vivuli vya maduka mafundi cherehani wakaweka mashine zao. Hivyo baraza la nyumba ya leo lina wazazi watatu. Na si bure kwamba neno hilo moja katika Kiswahili ni mahali pa kuketi na tena ni mkutano wa watu. Mtu wa Machakos akiambiwa kuna baraza la chifu, hafikiri habari za saruji.

Jambo la kwanza ni kuchagua upande. Desturi ya wengi ni kuielekeza nyumba barabarani, iwe barabara iko mashariki au magharibi, kisha kuliacha jua la alasiri liingie mpaka mezani. Lakini mwenye kiwanja cha kumtosha kugeuza nyumba na afikiri kwanza. Machakos iko kusini ya ikweta kidogo tu, kiasi cha digrii moja na nusu. Kwa hiyo katika Januari na Februari, wakati wa joto, jua la adhuhuri hupita upande wa kusini. Na katika Juni na Julai, wakati wa baridi na ukungu, hupita upande wa kaskazini. Basi baraza linalotazama kaskazini hupata kivuli wakati wa joto na jua wakati wa baridi, bila gharama yoyote. Ukingo wa paa ukiwa juu kwa futi 8, jua la adhuhuri mwezi wa Julai litaingia ndani ya baraza zaidi ya futi 3, na hapo ndipo bibi atakapoweka kigoda chake. Anayelazimika kutazama magharibi na apande mwembe au mti mwingine wa kivuli mbele ya baraza, mbali kiasi cha mizizi kutofikia msingi.

Jambo la pili ni maji, na hapa ndipo penye ugomvi.

Na iwe mfano: mtu amejenga nyumba ya mabati juu ya mteremko, na shamba la ndugu yake liko chini. Paa lake lina urefu wa futi 30 na upana wa futi 20. Mvua ya inchi moja tu ikinyesha, paa hilo hupokea lita 1,400 za maji kwa kadiri. Mwenye nyumba hakuweka mlizamu, yaani ule mfereji wa bati utundikwao chini ya ukingo wa paa, ambao mafundi huuita gata. Tena, kwa kupenda usafi, ameumwagia uwanja wake wote saruji, futi 30 kwa futi 30, nao pia ukapokea lita zaidi ya 2,000 bila kunywa hata tone. Maji ya tani tatu na nusu huondoka hapo kwa pamoja, yakashuka kwa ndugu yake, yakavunja tuta la kwanza, na tuta la kwanza likivunjika la pili halikawii. Asubuhi ndugu huyo hupanda mlimani akiwa na jembe mkononi na maneno kinywani. Kila mmoja husema ana haki: wa juu husema mvua ni ya Mungu, wa chini husema mfereji ni wa mtu. Wa chini ndiye mwenye haki. Maji yaliyoanguka porini ni ya mvua, lakini maji yaliyokusanywa na bati la mtu na saruji ya mtu yana mwenyewe.

Ubaya wa jambo hilo huzidi mtu akikumbuka jinsi matuta yale yalivyopatikana. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya Machakos yalikuwa yamechakaa, hata wenye kuyachunguza walikata tamaa. Kilichoyaokoa ni mikono ya watu, wengi wao wanawake katika vikundi vya mwethya, waliochimba mitaro na kuutupa udongo upande wa juu, ndiyo kazi iitwayo fanya juu. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha kwamba watu waliongezeka sana katika nchi hiyo, na hata hivyo udongo ulihifadhiwa vizuri kuliko zamani. Haifai kazi ya namna hiyo ibomolewe na paa la mtu anayepamba mbele ya nyumba yake.

Dawa yake ni nyepesi, tena ina faida. Mlizamu na utundikwe, na maji yaingie katika tangi lililofunikwa, penye wavu wa kuzuia mbu. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yana vumbi na mavi ya ndege. Yafaa yamwagwe, ndipo yanayofuata yaingizwe tangini. Katika zile lita 1,400, hata kama sehemu ya tano ikipotea, zitabaki kama 1,100. Hayo ni mitungi 55 ya lita 20. Punda abebaye mitungi minne angekwenda mtoni na kurudi mara 14, na mama asiye na punda na ajihesabie mwenyewe. Tangi likijaa, maji ya ziada yaongozwe kwa mfereji wenye nyasi mpaka shimo la migomba, wala yasiachwe yapite mbele ya mlango.

Uwanja nao usifunikwe wote. Njia ya kupita, yenye upana wa futi 4, yatosha kwa saruji au mawe bapa. Mahali palipobaki paachiwe nyasi au kokoto, na pateremke kidogo kwenda mbali na nyumba. Waliofyatua matofali yao wenyewe mara nyingi huacha shimo la udongo karibu na uwanja. Shimo hilo hujaa maji wakati wa mvua, na watoto hawajui kina chake. Lifukiwe au litiwe mboji na migomba kabla familia haijahamia.

Sasa baraza lenyewe. Kosa lionekanalo kila mahali ni wembamba. Baraza la futi 3 halifai kwa kitu. Mtu akiketi, mwingine hapiti, na mvua ya upepo huwalowanisha wote wawili. Upana usipungue futi 6, na mwenye uwezo na afanye 8. Sakafu yake iwe chini kidogo kuliko sakafu ya nyumba, tena iteremke nje inchi moja kwa kila futi 5, ili maji yasirudi mlangoni. Ngazi ziwe na kimo cha inchi 6, zote sawasawa, maana mguu wa mzee huzoea kimo cha ngazi ya kwanza na hujikwaa katika ile iliyotofautiana. Kwa mwenye mkongojo au kiti cha magurudumu yafaa kuongeza mteremko wa pembeni: kila futi moja ya kupanda ipewe futi 12 za urefu.

Nguzo za mbao hapa zina adui mmoja, naye ni mchwa. Zisizikwe ardhini. Kila nguzo isimamishwe juu ya jiwe au zege, na ishikwe kwa chuma, hata mchwa akipanda njia yake ionekane na kufutwa. Mukau, mti wa Ukambani, huvumilia mchwa kuliko mikaratusi, na wengi huupanda siku hizi kwa ajili ya mbao.

Kabla ya kununua viti, na ajenge kiti cha matofali kando ya mlango kama wafanyavyo watu wa pwani, kimo cha inchi 18 na upana uo huo. Kiti hicho hakiibiwi, hakivunjiki, na mgeni wa usiku hukipata bila kuomba. Tena kikielekea njiani humrudishia mzee thome yake. Jambo hili si dogo. Katika mitaa mipya ya Machakos mjini nyumba nyingi zimezungukwa na kuta ndefu na malango ya chuma, na jirani huishi miaka mitatu bila kujua jina la jirani. Hofu ya wezi ina sababu zake, hakuna wa kuikana. Lakini ukuta mrefu humficha mwizi aliyekwisha kuingia kama unavyomficha mwenye nyumba. Ua wa michongoma uliokatwa vizuri, wenye kimo cha kifua, humzuia mtu na ng'ombe, na aliye barazani humwona apitaye akamsalimu.

Kuhusu rangi hakuna mengi. Nyumba nyingi hupakwa rangi nyeusi au nyekundu sehemu ya chini, kiasi cha futi 2 au 3, ili matope yasionekane. Rangi hiyo huficha ugonjwa tu. Matope huruka kwa sababu matone ya paa huanguka juu ya udongo mtupu karibu na ukuta. Paa likitokeza nje futi 2 au zaidi, na chini ya matone pakatandazwa kokoto, ukuta hubaki safi, na mwenye nyumba aweza kuchagua rangi aipendayo.

Mlango wa mbele ukiwa chini ya baraza waweza kuwa wa mbao, maana mvua haiufikii. Ni ajabu kuona kwamba katika nchi hii yenye mafundi wa Wamunyu, ambao vinyago vyao huuzwa ng'ambo, watu hununua milango ya chuma yenye sura ya simba iliyopigwa kwa kiwanda, yote ikifanana mtaa mzima. Chuma kina nguvu, lakini huwaka jua likikipiga na huanza kutu upande wa chini. Anayekichagua na akipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mapambo, ndani na nje, hasa ukingo wa chini ambao fundi hupenda kuusahau.

Kazi ya mlizamu na imalizike Septemba, kwa kuwa katika Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotumainiwa zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei. Kabla ya kumlipa fundi, mwenye nyumba na apande ngazi, amwage debe moja la maji kwenye mwisho wa mlizamu ulio mbali na tangi, kisha ashuke asikilize. Maji yakituama katikati, au yakidondoka njiani, fundi na arudi juu siku ile ile, ngazi ikiwa bado iko pale.