Barua ya Rufaa na Ngazi ya Kwanza ya Matibabu

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita. Kwa mwanachama wa Chamwino au Kondoa, matibabu huanzia zahanati au kituo cha afya. Kwa rufaa hufika hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ya mkoa, Dodoma mjini. Anayeruka ngazi bila barua anaweza kujikuta akilipa fedha taslimu ilhali kadi yake ni hai.

Hata hivyo, barua hiyo si kibali cha malipo tu. Mjamzito mwenye dalili za awali za kifafa cha mimba akipewa rufaa, barua itaje shinikizo la damu, umri wa mimba, kiasi cha magnesiamu salfeti alichochomwa na saa aliyochomwa. Yasipoandikwa hayo, anayempokea aweza kurudia dozi, na ikizidi huzuia pumzi.

Dharura haingoji ngazi. Anayetokwa damu nyingi au kushindwa kupumua apelekwe mara moja kituo cha karibu chenye uwezo wa kumhudumia. Karatasi zifuate baadaye.