Amali Ndogo Idumuyo



Darasani kwetu, baada ya sala ya Alasiri, aliinuka kijana mmoja akasema maneno yaliyotunyamazisha sote. Alisema: "Masheikh zangu, mimi nimechoka. Mtaro wa mtaa wetu umeziba, na huu ni mwaka wa tatu. Maji machafu yapita mlangoni pa chuo cha watoto. Nilikwenda kwenye mkutano wa makadirio ya fedha, nikasema, wakaandika, wakatupa soda na mkate, tukarudi majumbani. Mtaro ungali umeziba. Basi tangu leo mimi na mambo ya serikali mbalimbali. Nitasali, nitakaa dukani kwangu, yatosha."

Hakuna aliyemjibu siku ile. Na sababu ya kutomjibu, tukisema kweli, ni kuwa wengi wetu tulikuwa tumekwisha choka kabla yake, ila hatukuwa na ushujaa wa kulisema. Mwandishi wa somo hili ni mmoja wao. Mkutano ule ule aliokwenda kijana, na mimi nilialikwa. Nikajisemea kuwa jua ni kali. Kwa hivyo somo hili ni jawabu kwake, na kabla ya kuwa jawabu kwake ni karipio kwa nafsi yangu.

Suali la leo ni hili: Vipi mtu wa kawaida, asiye na cheo wala mali, aweza kudai haki ya mji wake mwaka baada ya mwaka pasi na kuvunjika moyo?

KUCHOKA KWATOKA WAPI

Tabibu hatoi dawa kabla hajaujua ugonjwa. Kuchoka huku, kwa tuonavyo sisi, kuna asili tatu.

Ya kwanza ni kutaka kuvuna siku ya kupanda. Mtu hupanda mnazi naye ajua kuwa hatakunywa dafu lake mwaka huu wala mwaka ujao, na wala hanung'uniki. Lakini mtu huyo huyo akiandika barua moja kupeleka ofisini, ataka jawabu Jumatatu. Lisipokuja, asema barua hazina faida.

Ya pili ni kwenda peke yake. Fundi wa jahazi hashushi chombo baharini kwa mikono yake miwili. Huita watu, wakashika kamba, wakavuta kwa sauti moja. Anayedai haki ya mtaa peke yake huonekana mgomvi; wakidai watu ishirini, huonekana kuwa ni mtaa.

Ya tatu ni kubisha mlango usio wake, au kubisha saa isiyo yake. Mwenye kuomba mtaro mwisho wa mwezi wa Juni, fedha za mwaka zimekwisha gawanywa, ni kama aliyefika bandarini chombo kimekwisha tweka tanga. Si kwamba hana haki ya kusafiri, hakuijua saa.

Iko na ya nne, nayo si kuchoka bali ni udhuru: kusema, "Tumwachie Mungu." Baharia amtegemea Mola wake, na tanga alitweka kwa mikono yake. Na subira si kuinamisha kichwa mbele ya dhuluma. Subira ni kushikamana na lililo haki hata muda ukiwa mrefu.

MFANO WA LAMU

Wako watakaosema kuwa haya ni maneno ya darasani. Basi na tutazame yaliyotendeka hapa hapa pwani, kwa ndugu zetu wa Lamu.

Palikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe mahali paitwapo Kwasasi, bara ya Lamu, wenye nguvu ya megawati 1,050. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya turathi za ulimwengu, na watu wake wengi waishi kwa bahari. Wavuvi wakauliza: Maji ya moto yatakayotoka mtamboni yataingia wapi? Mikoko itakuwaje? Majivu ya makaa yatalazwa wapi, na upepo wa kaskazi na wa kusi utayapeleka kwa nani?

Mwezi wa Septemba 2016 idara ya mazingira, NEMA, iliipa kampuni ya Amu Power leseni. Watu wengi wangesema: leseni imekwisha tolewa, maneno yamekwisha. Lakini Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, pamoja na wenziwao, walikata rufani mwezi wa Novemba mwaka ule ule mbele ya baraza la taifa la hukumu za mazingira. Shauri likachukua zaidi ya miaka miwili na nusu. Katika muda huo wako waliotishwa, wako na waliokamatwa, na wako walioambiwa kuwa wao ni maadui wa maendeleo. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likatoa hukumu: leseni imefutwa. Kampuni nayo ikakata rufani, na mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaithibitisha hukumu ile.

Sasa, ndugu msomaji, angalia kwa makini sababu ya hukumu, kwani ndipo lilipo somo. Baraza halikuifuta leseni kwa kuwa watu wa Lamu walipiga kelele zaidi ya wenziwao. Jambo kubwa lilikuwa hili: wananchi hawakushirikishwa kama sharia itakavyo. Kanuni za mazingira zataka, wakati uchunguzi wa mradi mkubwa unapofanywa, iwe mikutano isiyopungua mitatu ya kuwaeleza wenyeji mradi wenyewe na madhara yake, na kusikiliza maoni yao. Baraza lilipoipima mikutano iliyotajwa, likaona kuwa ilikuwa ya kuujulisha mradi tu. Uchunguzi wenyewe na matokeo yake havikuletwa mbele ya watu kama ilivyopasa.

Basi shauri kubwa kama hilo lilizunguka juu ya mambo madogo: mkutano ulikuwa lini, nani alikuwako, aliambiwa nini, alipewa karatasi gani kusoma. Mvuvi anayekumbuka tarehe, mama anayejua kuwa alihudhuria lakini hakuelezwa habari ya majivu: hao wana ushahidi mikononi mwao. Laiti wote wangekaa majumbani na kusema, "Hayatuhusu," hakuna wakili ambaye angepata la kusema.

TUFANYE NINI SISI

Imepokewa kwa Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, kuwa Mtume (s.a.w.) alitufundisha kupenda amali idumuyo, ijapokuwa ndogo. Mafundisho haya twayatumia katika nyiradi na sala za sunna, na ni vyema. Lakini kwa nini tusiyatumie pia katika haki za jirani zetu? Siku ya mkusanyiko mkubwa ni siku moja; siku zilizosalia za mwaka ni 364, na humo ndimo mambo yanamoamuliwa. Haya basi ni mambo matano, kila moja dogo.

Jambo la kwanza ni daftari. Nunua daftari moja la mtaa. Andika tarehe mtaro ulipofurika, tarehe mliyokwenda ofisini, jina la cheo cha aliyewapokea na jawabu alilotoa. Wino huhifadhi yale ambayo hasira huyasahau. Dakika tano kwa wiki zatosha.

Jambo la pili ni barua ya kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sharia ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeifafanua: ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, halilipiwi ada, ila gharama ya kunakili karatasi, na ofisi yapasa kutoa uamuzi katika muda usiozidi siku 21. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, waweza kushitaki kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hebu fikirini: lugha tunayoizungumza barazani ni lugha ya sharia katika jambo hili, nasi bado twangoja mtu mwenye Kiingereza atuandikie! Uliza: "Mtaro wa mtaa wetu ulitengewa shilingi ngapi mwaka huu? Nani aliyepewa kandarasi?" Suali kama hilo ni zito kuliko matusi mia.

Jambo la tatu ni kuzijua saa za fedha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia tarehe 28 Februari. Na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili, ili yapitishwe kabla ya mwisho wa Juni. Basi mtaro usioombwa Agosti au Februari ni vigumu kuupata Juni. Ziandikeni tarehe hizi ukutani, karibu na nyakati za sala, ili asiwepo wa kusema hakujua.

Jambo la nne ni ombi la maandishi. Kifungu cha 37 chatoa haki ya kukusanyika kwa amani bila ya silaha, na ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Kifungu cha 119 chamruhusu kila mtu kuliomba Bunge litazame jambo lililo katika mamlaka yake, na sharia ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yatoa haki kama hiyo kwa Bunge la Kaunti. Ombi likibeba majina ya mtaa mzima, na nyuma yake pana daftari la miaka mitatu, halitupwi kwa wepesi.

Jambo la tano ni zamu. Hili ndilo dawa khasa ya kuchoka. Asiwepo mtu mmoja abebaye mzigo wote. Wawe watano: mmoja mwenye daftari, mmoja wa barua, mmoja wa kufuatilia ofisini, mmoja wa kuwajulisha majirani, na mmoja anayepumzika. Ndiyo, anayepumzika! Mwezi ukiisha, wabadilishane. Hata wapiga makasia hupokezana. Na akina mama wasiachwe nje ya hesabu hii, kwani maji machafu yakiingia nyumbani, wao ndio wa kwanza kuyakanyaga.

ADABU ZA MWENYE KUDAI HAKI

Kazi hii ina adabu zake, na asiyezishika huiharibu kwa mikono yake.

Usiseme usilolijua. Ukisema fedha zimeliwa na huna ushahidi, umemsingizia mtu, na neno lako la kesho halitasadikiwa hata likiwa kweli.

Usinunuliwe. Soda na mkate si haramu, lakini mtu akiondoka mkutanoni anakumbuka kilicholiwa na hakumbuki kilichoamuliwa, huyo amenunuliwa kwa bei rahisi. Wala usilifanye shauri la mtaa kuwa ngazi ya kupandishia mgombea wako. Mtaro hauna chama.

Shukuru. Afisa akifanya haki, mwandikie barua ya shukrani kama ulivyomwandikia ya malalamiko. Wako watumishi wema maofisini ambao nao wamechoka, na neno jema huwatia nguvu.

Na usipime kazi yako kwa ushindi peke yake. Mambo mengine hupatikana kwa mwezi, mengine kwa miaka tisa, na mengine huachiwa watoto wetu wayamalize. Jipime kwa suali hili: Je, wiki hii nimefanya sehemu yangu? Ukiweza kujibu ndiyo, lala usingizi. Bandu bandu huisha gogo; lakini lazima awepo wa kubandua.

MASUALI YA DARASA

1. Katika zile asili tatu za kuchoka, ni ipi iliyo kubwa zaidi mtaani kwako?
2. Watu wa Lamu wangalinyamaza mwezi wa Novemba 2016, ni kitu gani kingelikosekana mbele ya baraza?
3. Ni jambo gani moja la mtaa wako ambalo laweza kuulizwa kwa barua wiki hii? Iandike barua hiyo, kwa Kiswahili, uje nayo darasani tuisome pamoja.

Kijana wetu hakuja darasa lililofuata. Mtaro wake ungali umeziba, na watoto wangali wakiruka maji wakienda chuoni. Basi kama somo hili litamfikia, na ajue haya: daftari limekwisha nunuliwa, na ukurasa wa kwanza una tarehe. Nafasi yake ingali wazi. Na safari hii mwandishi huyu atakwenda naye ofisini, jua liwe kali au lisiwe kali.

Wabillahi tawfiq.