Mama, kichefuchefu katika siku za mwezi: ni mimba ao hapana?

Mama, umeingia katika siku zako za mwezi. Damu inatoka, tumbo la chini linauma, na tena moyo unachafuka, unataka kutapika. Jirani mmoja kambini anakuambia: «Hiyo ni mimba.» Mwingine anakataa: «Mwanamuke mwenye kuona damu hawezi kuwa na mimba.» Utamusadiki nani? Wote wawili wanaweza kukosea, lakini kosa la huyu wa pili ndilo la hatari.

Kwanza ujue jambo hili: siku za mwezi zenyewe zinaweza kuleta kichefuchefu. Wakati ule mwili unatengeneza vitu vinavyoitwa prostaglandini. Kazi yao ni kukaza kizazi ili kitoe damu. Vikizidi, vinasumbua tumbo na matumbo vilevile: mama anatapika, anahara kidogo, kichwa na mugongo vinamuuma. Mara nyingi inaanza pamoja na damu, ao siku moja mbele, kisha inapunguka baada ya siku 2 ao 3. Kama ni vile kila mwezi, na damu ni ile uliyoizoea, usihangaike. Weka chupa ya maji ya moto juu ya tumbo, ukule kidogo kidogo. Ibuprofene inasaidia, lakini uimeze pamoja na chakula. Mwenye kidonda cha tumbo asiitumie. Ukiwa na shaka ya mimba, uiache na kutumia paracetamole, mpaka utakapopimwa.

Sasa sikia vizuri. Kati ya wanawake 4 wenye mimba, karibu 1 anaona damu katika miezi 3 ya kwanza. Mara nyingi damu hiyo ni kidogo, rangi yake sawa na kahawa, na inakuja siku zisizo zake. Mama anafikiri mwezi umepita. Lakini kichefuchefu hakiishi: kinaendelea juma kwa juma, matiti yanauma, harufu ya mawese jikoni inamuchukiza. Huyu anapashwa kupimwa mukojo. Kipimo kinatafuta homoni ya mimba, na kinaonyesha vizuri kuanzia siku ambayo mwezi ulipashwa kuja. Tumia mukojo wa asubuhi. Kama kinasema hapana na shaka ingali, pima tena baada ya juma moja. Mbele ya kujua jibu, usinywe dawa ya mizizi «ya kurudisha mwezi».

Na kama kuna homa, usiseme mwezi, usiseme mimba: upimwe damu juu ya malaria siku ile ile. Malaria kwa mama mwenye mimba ni mbaya sana, kwake na kwa mutoto. Mwambie muganga kwamba labda una mimba, ili achague dawa inayofaa.

Kuna hali moja isiyongoja kesho. Pengine mimba haifiki kizazini. Inashika katika njia nyembamba ambamo yai linapita. Pale hakuna nafasi. Ikikomaa kidogo njia inapasuka, na damu inajaa ndani ya tumbo, hata kama inje inaonekana kidogo tu. Maumivu makali, mara nyingi upande mmoja, kizunguzungu, kuzimia, maumivu yanayopanda mpaka bega: hospitali mara moja, hata usiku wa manane. Mama mwenye alama hizo anaweza kufa akiambiwa alale apumuzike «kwani ni mwezi tu».

Na wewe baba unayetoka kazini, usome pahali hapa mara mbili. Waganga wanahesabu mimba tangu siku ya kwanza ya mwezi wa mwisho, si tangu siku mulipolala pamoja. Kwa hiyo muganga akisema «majuma 6», mimba yenyewe imeingia majuma 4 hivi yaliyopita. Kuna nyumba ambamo matusi na fimbo vilianza juu ya hesabu hiyo tu: bwana alikuwa safarini majuma 6 yaliyopita, akashitaki bibi yake bure. Kama hesabu inakuchanganya, uende naye kwa muganga akuelezee. Na bibi yako akizimia wakati wewe uko shimoni, jirani ajue tangu leo nani ataita gari.

Mama mwenye kutumia sindano ya uzazi asishangae damu ikibadilika ao ikikosa kabisa. Vidonge vya uzazi navyo vinaweza kuleta kichefuchefu, zaidi miezi ya kwanza. Yeye pia apimwe kama ana shaka.

Uandike siku ya kwanza ya kila mwezi katika kalenda, ukutani ao ndani ya kitabu cha watoto. Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa hospitalini, na wengi wanajibu: «Nimesahau.»