Gari la Moshi la Bustanini: Namna ya Kuliendesha na Kulitilia Taa

Katika nchi za Uingereza, Ujerumani na Marekani wako watu wazima wengi ambao, wakiisha kurudi kazini jioni, hutoka bustanini kuendesha gari la moshi. Gari hilo halichukui abiria. Behewa lake moja halipiti urefu wa mkono wa mtu, na reli zake zimelazwa katikati ya maua. Walakini linafuata kanuni zile zile za reli kubwa, na kanuni zile zile za umeme wa nyumbani. Basi mwenye kulitengeneza vizuri huwa amejipatia elimu yenye faida. Na mwenye kulitengeneza ovyo aweza kupoteza maisha yake, kwa maana umeme mkali na maji ya mvua havipatani kamwe.

ASILI YAKE

Mchezo huu si mpya. Huko Beaconsfield, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Roland Callingham alijenga kijiji kidogo cha mfano katika bustani yake, na mwaka 1929 watu wote wakafunguliwa mlango wakitazame. Kijiji hicho huitwa Bekonscot, na kina nyumba ndogo, barabara na reli.

Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, ilitoa magari yaitwayo LGB, yaliyofanywa makusudi yaweze kustahimili jua na mvua. Upana kati ya reli zake mbili ni milimita 45, na kila kitu kimepunguzwa mara 22 na nusu. Mtu akizidisha 45 kwa 22 na nusu atapata kiasi cha milimita 1,000, yaani mita moja. Upana huo ndio uliotumiwa katika reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni pana zaidi, milimita 1,435.

KULAZA RELI

Reli haifai kulazwa juu ya udongo mtupu, maana mvua ikinyesha udongo hutitia na gari huanguka. Huchimbwa mfereji wa kina cha sentimita 15 hivi, ukajazwa kokoto ndogo zenye pembe, ili maji yapate kupita na mataruma yashikwe imara. Njia isipande zaidi ya sentimita 2 au 3 kwa kila mita moja, na kona ziwe pana kadiri nafasi inavyoruhusu.

Jua nalo lina kazi yake. Reli ya shaba nyeupe yenye urefu wa mita 10, joto likizidi kwa digrii 30 tangu asubuhi hata mchana, hurefuka karibu milimita 6. Kwa hiyo huachwa nafasi ndogo kwenye maungio. Asiyeacha nafasi ataikuta njia yake imepinda kama nyoka.

UMEME UNAVYOFIKA KWENYE INJINI

Umeme wa nyumbani katika Kenya una nguvu ya volti 240. Gari la bustanini halihitaji zaidi ya volti 24. Chombo kinachopunguza nguvu hiyo huitwa transfoma. Ndani yake mna nyuzi za waya zilizozungushwa mafungu mawili juu ya chuma kimoja. Fungu la kwanza hupokea umeme wa nyumba, na la pili hutoa umeme mdogo. Mafungu hayo hayagusani. Nguvu hupita kwa njia ya sumaku peke yake. Fungu la kwanza likiwa na mizunguko 10 kwa kila mzunguko mmoja wa fungu la pili, volti 240 hupungua kuwa 24.

Tena umeme wa nyumba hubadili upande wake mara 100 katika kila sekunde, na mota ya gari hili hutaka umeme uendao upande mmoja. Basi kiko chombo kingine cha kuunyosha. Baada ya hapo waya mmoja hufungwa kwenye reli ya kulia na wa pili kwenye reli ya kushoto. Magurudumu huupokea umeme katika reli moja, mota huzunguka, na umeme hurudi kwa reli ya pili. Dereva akiongeza volti gari huenda mbio. Akibadilishana waya hizo mbili, gari hurudi nyuma.

Kwa sababu hiyo njia isizungushwe ikarudi kujiunga na yenyewe kwa upande mwingine bila kukatwa na kutiwa swichi maalumu, maana hapo reli ya kulia hukutana na ya kushoto, umeme hupita njia ya mkato, na waya huweza kuungua.

Gari likiwa na nguvu karibu na nyumba lakini likachoka mwisho wa bustani, kosa haliko katika injini. Umeme umepotea njiani katika maungio yenye kutu na matope. Dawa yake ni kusugua reli, na kupitisha waya mnene wa shaba kandokando ya njia, ukiunganishwa na reli mahali kadhaa.

TAA ZA GARI NA TAA ZA STESHENI

Taa ya mbele ya injini hupata umeme katika reli zile zile. Gari likisimama, volti huondolewa, na taa huzimika. Mgeni wa kazi hii hudhani balbu imeungua, kumbe haina chakula. Ndiyo sababu watu wengi hutia betri ndogo katika mabehewa, ili abiria wa bandia wasikae gizani stesheni.

Taa za kisasa ziitwazo LED hutumia umeme kidogo sana, lakini hazina budi kuwekewa kizuizi kiitwacho rezista, la sivyo huungua mara moja. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ni ya volti 9, na taa nyeupe hutaka volti 3, zimebaki 6. Mkondo ufaao ni ampea 0.02. Gawanya 6 kwa 0.02, jibu ni omu 300. Hununuliwa rezista ya omu 330, iliyo karibu na kubwa kidogo.

Taa za stesheni na za nyumba ndogo zisiunganishwe na reli. Hupewa transfoma yao ya volti 12, na kila taa hupewa njia yake, ili moja ikifa nyingine ziendelee kuwaka. Balbu 20 zenye kula ampea 0.05 kila moja hutaka ampea 1, yaani wati 12. Hapo transfoma ya wati 20 yatosha bila kupata moto.

MAMBO YA HATARI

Transfoma hukaa ndani ya nyumba, mahali pakavu, na iwe iliyotengenezwa na kiwanda kwa kazi hiyo. Waya za umeme mdogo tu ndizo zitokazo bustanini. Kupitisha umeme wa volti 240 katika majani yenye maji ni kutega mtego wa kuua watoto. Aidha soketi ilindwe na swichi ya usalama, ile inayokata umeme mara tu miliampea 30 zinapopotea njia.

Transfoma mbili zisifungwe pamoja katika waya za taa. Plagi ya moja ikichomolewa ukutani, umeme wa ile ya pili huweza kupita ndani yake kinyumenyume, volti 12 zikageuka tena kuwa 240, na meno ya plagi yakampiga aliyeishika. Wengi huamini kwamba plagi iliyochomolewa haina madhara. Katika jambo hili imani hiyo ni ya hatari.

MASWALI

1. Kwa nini taa ya injini huzimika gari linaposimama?
2. Betri ikiwa ya volti 12 badala ya 9, rezista ya taa moja ya LED iwe ya omu ngapi?
3. Eleza sababu ya transfoma kukaa ndani ya nyumba, ingawa gari lenyewe liko nje.